Chai imeharibika wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandaa somo la biolojia na nimeandika: "Bakteria hutengeneza masukari yasiyo ya kawaida." Wenzangu wanadai "masukari" si Kiswahili. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Wenzako. Sukari hii, sukari hizi. Neno tulipewa na Waarabu, sukkar, nao walilipata mashariki zaidi. Katika safari yote hiyo halikubeba "ma-". Hilo limekwisha.

Kilichoninyima usingizi ni hicho "hutengeneza". Kutengenea ni kukaa sawasawa. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee: baiskeli iliyopinda, paa linalovuja, kitanda kilichovurugika. Siku hizi kitenzi hiki kimewameza wenzake. Chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, jahazi huundwa, jembe hufuliwa, kinyago huchongwa, lakini ukifungua redio vyote "vinatengenezwa". Juzi mgahawani naambiwa, "Subiri mzee, chai inatengenezwa." Nikauliza imeharibika wapi. Kijana akaenda jikoni kuulizia, akarudi na jibu: gesi imeisha.

Basi nikashika kalamu nyekundu. Bahati yako, kabla sijaifuta sentensi yako niliitazama abekwosi, sukari iliyo kwenye ganda la nje la baadhi ya bakteria waitwao Salmonella. (Jina lenyewe limefinyangwa kutokana na Salmonella abortus equi, aharibuye mimba za farasi. Wanasayansi nao!) Hapa bakteria haanzi na patupu. Huchukua glukosi, akaifunga kwenye kibebeo chenye fosfeti. Kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) huchomoa molekuli ya maji, vingine huing'oa oksijeni kwenye kaboni ya 3, cha mwisho hutia hidrojeni. Glukosi iliyoingia na oksijeni 6 hutoka na 4. Salmonella wa homa ya matumbo huenda mbali zaidi: sukari ya jamii hiyohiyo huigeuza upande kwenye kaboni ya 2, ikawa tivelosi, na kingamwili zetu haziichanganyi na abekwosi.

Kufunga, kuchomoa, kung'oa, kugeuza: hiyo si gereji kabisa? Ila glukosi haikuwa mbovu. Kwa hiyo mimi ningeandika: "Bakteria huigeuza glukosi kuwa sukari zisizo za kawaida." Ukishindwa kabisa, bakisha "hutengeneza" yako. Umeikaribia maana kuliko yule kijana wa chai.