Kiti cha Karibu na Printa

Miezi minane ya kwanza niliyolipia meza katika ukumbi wa ubunifu, yaani jengo ambalo watu wa fani mbalimbali hulipia nafasi ya kufanyia kazi pamoja, sikupata hata kazi moja kupitia kwa mtu niliyemkuta mle ndani. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Nilikuwa nafika mapema, nachagua meza ya pembeni kabisa, naweka spika masikioni na kuchora mpaka jioni. Nikitoka, napunga mkono. Nilidhani ukishalipia kiti umeshajiunga.

Mimi ni mchoraji: nembo, vielelezo vya vitabu, picha za programu za simu. Nilikwenda pale kwa sababu kila mtu aliniambia kazi ni kujuana, na watu wa kujuana nao wako huko. Wengine wanapaita habu, wengine ukumbi wa ubunifu, na zile sehemu zinazolea kampuni changa zinaitwa vituo atamizi. Hilo neno la mwisho nalipenda kwa ukweli wake. Kuku huatamia mayai, lakini yai viza hata liatamiwe mwezi mzima halitoi kifaranga. Mimi nilikuwa yai viza lenye kadi ya kufungulia mlango.

Kilichonitoa ni mvua. Paa lilivuja juu ya meza yangu, msimamizi akanihamishia karibu na printa, mahali ambapo kwa hiari yangu nisingekaa hata saa moja. Printa yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kukwama karatasi, kwa hiyo watu walisimama nyuma yangu dakika mbili tatu bila la kufanya, na macho yao yakaangukia kwenye skrini yangu. Wiki ya kwanza kila nikisikia hatua nilikuwa nafungua dirisha jingine. Wiki ya pili nikachoka kujificha. Siku hiyo nilikuwa nachora kobe. Gamba limekwisha na rangi zake zote, miguu bado ni mistari tu. Dada mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi zake akauliza, "Kaka, huyo kobe wako anatembea?"

Alikuwa anatengeneza programu ya kufundisha watoto hesabu na alitaka wanyama wanaosogea. Uhuishaji siujui. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi huchora tu, ila ghorofa ya juu kuna kijana anayefanya katuni za kutembea. Kijana mwenyewe nilikuwa nimesalimiana naye mara mbili. Jioni ile tulikaa watatu, na kabla ya kuachana nilikuwa na kazi ya wanyama 14.

Nimelifikiria sana lile swali. Lilitokana na miguu iliyokosekana. Kama kobe angekuwa amekamilika, dada yule angesema "mzuri sana" akachukua karatasi zake akaenda. Kitu kilichokwisha tunakisifia na kupita, ila kilichobaki nusu mtu anajikuta anakimalizia kichwani mwake, na hapo ndipo anapoanza kuongea na wewe. Tangu siku hiyo sikupeleka tena kwenye jioni za maonyesho, ambapo watu wa ukumbi huonyeshana kazi zao, kazi niliyoipiga pasi. Napeleka yenye tatizo, na natamka tatizo lenyewe: "Huyu ndege nimemchora mara tano na bado anaonekana kama amevimba." Utashangaa idadi ya watu wenye maoni kuhusu ndege aliyevimba.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko kumbi zetu. Machi 1975, kikundi cha wapenda kompyuta kilikutana kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kikaja kujulikana kama Homebrew Computer Club. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alikuwa akipeleka huko mashine aliyokuwa bado anaiunda na kugawa michoro ya saketi zake bure kwa yeyote aliyetaka kujitengenezea. Mwenye duka la kompyuta, Paul Terrell, aliiona katika mikutano hiyo, akaagiza mashine 50 zikiwa zimeunganishwa tayari. Ndiyo iliyokuja kuitwa Apple I, kompyuta ya kwanza ya Apple. Ninapoitaja hadithi hii najua hatari yake: wengi waliopeleka mashine zao kwenye vikundi kama hivyo hawajulikani leo. Mimi sichukui humo utajiri wa Wozniak. Nachukua kwamba oda ilitoka kwa mtu aliyeona kitu kikiwa bado mezani kwa fundi.

Hapa wasanii wenzangu huniuliza: je, wakiniibia? Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Wazo tupu halina ulinzi wa hakimiliki. Ukisema "nataka programu ya kobe anayefundisha hesabu," mtu yeyote anaweza kutengeneza ya kwake. Lakini mchoro wa kobe huyo ni wako tangu ulipouchora. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao sasa unafuatwa na nchi zaidi ya 180, unasema haki hiyo haitegemei kusajili wala kujaza fomu. Kinachobaki ni ushahidi, na kwa hilo mimi hutunza mafaili ya hatua zote, kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na tarehe zake. Ukitaka wengine waitumie kazi yako kwa masharti unayoyajua, leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo yeyote anaweza kuzitumia bure, zipo tangu 2002: unaweza kuruhusu matumizi kwa sharti la kutajwa jina, au ukazuia ya kibiashara. Na huyu anayetaka utie saini karatasi ya kuahidi kutunza siri kabla hajakueleza wazo lake, mimi namtakia heri na kurudi kwenye meza yangu.

Mimi sikuibiwa na mtu wa ukumbini. Niliumizwa na mteja niliyeletewa na rafiki, na kwa sababu aliletwa na rafiki sikuandikiana naye chochote. Nikachora nembo, akaipenda, akaomba faili la asili "ili fundi wa mabango alione." Nikatuma lote, na tabaka zake zote. Simu ikaacha kupokelewa. Baada ya wiki kadhaa nikaiona nembo yangu kwenye bango, imebadilishwa rangi vibaya, jambo ambalo kwa kweli liliniuma kuliko fedha. Sasa nusu ya malipo hutangulia kabla sijafungua programu ya kuchorea. Mteja huona picha ndogo yenye alama yangu katikati, na faili la asili hutoka malipo yakishaingia. Makubaliano naandika kwenye barua pepe kwa mistari sita: kazi gani, marekebisho mara ngapi, lini, kiasi gani, nani atabaki na haki, na nini kitatokea ikisitishwa katikati. Rafiki akikuletea mteja, muulize pia kama mteja huyo amewahi kumlipa yeye.

Turudi kwenye kiti. Nilipokuja kusoma kuhusu mambo haya nilikuta kuna mtu aliyepima kwa futi yale niliyoyapata kwa kuvujiwa na paa. Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alichunguza wahandisi katika maabara, nani anazungumza na nani kuhusu kazi na meza zao ziko umbali gani, akachapisha matokeo mwaka 1977. Mazungumzo ya kila wiki yanashuka haraka kadiri meza zinavyoachana, na zikipita kama mita 50 hayana tofauti kubwa na ya watu walio majengo mbalimbali. Unaweza kudhani intaneti imelifuta hilo. Baadaye Allen alieleza kwamba hata simu na barua pepe hufuata mkondo uleule, kwa kuwa tunawaandikia zaidi wale tunaoonana nao. Kwa hiyo ukienda kulipia meza, usiangalie kwanza kasi ya intaneti wala uzuri wa makochi. Tazama watu wanakwama wapi: mlangoni, kwenye printa, kwenye jagi la maji. Kaa hapo siku mbili za wiki, hata kama ni kelele. Kazi inayotaka utulivu ifanyie kwingine.

Mtu aliyenibadilisha mawazo zaidi lakini ni Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliyeandika mwaka 1973 kuhusu nguvu ya uhusiano hafifu. Aliwauliza watu waliopata kazi mpya kupitia kwa mtu wanayemjua: mtu huyo mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wachache tu, karibu asilimia 17, walisema mara kwa mara. Waliobaki walikuwa wanaonana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu ni nyepesi ukishaambiwa: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua, wanasikia tetesi zilezile. Mtu wa pembezoni ana dunia nyingine. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia taarifa za watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kujuana kikazi, nao ukakuta kwamba wanaosaidia zaidi ni wale wa uhusiano hafifu kiasi, si wageni kabisa na si wa damu moja, na hali hiyo ilionekana zaidi kwenye sekta zinazotegemea dijitali.

Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Kazi kubwa kuliko zote nilizofanya, vielelezo vya mfululizo wa vitabu, haikutoka kwa dada wa kobe wala kwa kijana wa katuni. Ilitoka kwa mtu aliyesoma na huyo kijana, ambaye mpaka leo sijamwona uso kwa uso.

Sasa, uhusiano hafifu ukiachwa kabisa unakatika. Nina daftari, la karatasi, kwa kuwa yale ya kwenye simu nilikuwa nayaanzisha na kuyasahau. Kila mtu niliyezungumza naye kwa zaidi ya dakika tano anapata mstari: jina, anafanya nini, na jambo moja alilokuwa akilitafuta. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani. Nikikutana na kitu kinachomhusu, hata baada ya miezi minne, namtumia bila kuomba chochote. Ndani ya siku mbili baada ya kukutana namwandikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu wiki ikipita yeye huwa ameshasahau na mimi naanza kuona aibu.

Na jinsi ya kuandika. Kuna watu wanatuma "Habari" peke yake, halafu wanasubiri. Unajibu "Nzuri," wanatuma "Za siku?" Mpaka shida yenyewe ifike ni kesho kutwa. Wengine hutuma "Naomba tushirikiane," bila kusema katika nini. Usimpe mtu mwenye kazi zake mzigo wa kukisia. Mimi huandika hivi: "Habari za leo. Tulionana Jumanne kwenye maonyesho, mimi ndiye wa ndege aliyevimba. Ulisema unatafuta mtu wa kurekodi sauti. Namfahamu mmoja, kazi zake ziko hapa. Nikuunganishe?" Salamu ipo, heshima ipo, na anaweza kujibu kwa neno moja. Kabla ya kuwaunganisha namuuliza na huyo wa sauti, kwani namba ya mtu si yangu kuigawa.

Kadi za biashara nilizokusanya katika ile miezi minane bado ninazo. Zinafaa kukunja na kuweka chini ya mguu wa meza inayoyumba.

Kama huna ukumbi karibu, au huna cha kulipia, usidhani umefungiwa nje. Januari 2008, katika vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya, Ory Okolloh aliandika mtandaoni akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kuunda ramani ya kuonyesha matukio yaliyokuwa yakitokea. Watu kadhaa walioitika, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, hawakuwa wameketi chumba kimoja, na ndani ya siku chache ramani hiyo, iliyoitwa Ushahidi, ikawa hewani. iHub ya Nairobi, mojawapo ya kumbi zinazotajwa sana barani Afrika, ilifunguliwa 2010 na watu wa mzunguko huohuo. Watu walijuana kwanza, kupitia kazi, halafu ndipo wakatafuta jengo. Mimi nilianza na jengo, na ilibidi mvua inisaidie.

Siku hizi nalipia siku mbili tu kwa wiki. Paa lilishazibwa, na meza yangu ya zamani ina kijana mwingine mwenye spika masikioni. Wiki iliyopita printa ilikwama nikiwa nimesimama, nikachungulia skrini yake kutoka mbali. Anachora ramani ya mji ambao haupo, na mto wake unapanda mlima. Jumanne nitakwenda kumuuliza.