Maafisa wapya wa data, iacheni Brussels kwanza

Wadogo zangu mlioajiriwa juzi kwenye Sacco na mashirika ya Kisumu na Nakuru, nimesoma rasimu za sera zenu za akili unde (AI). Karibu zote zinafungua kwa "Kanuni (EU) 2024/1689", yaani sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, ile ya Brussels. Sacco mojawapo ina tawi Kondele na jingine Ahero, na wanachama wake ni wauza samaki na wakulima wa mpunga. Nilicheka, kisha nikakasirika, maana kosa hilihili lilikuwepo kabla yenu.

1. Msikae mkingoja sheria yenye jina la akili unde. Sheria yetu ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu tangu siku mfumo ulipogusa jina la mwanachama. Ulaya ina soko kubwa, ikitoa amri, kampuni zinazounda modeli, yaani programu zilizofunzwa kwa data, zinatii. Nchi ndogo haina ubavu huo. Singapore ilianza na mwongozo wa hiari Januari 2019, Rwanda ikapitisha sera ya taifa Aprili 2023. Anayefikiwa kwa urahisi na sheria yake ni yule anayeutumia mfumo ndani ya nchi. Kwa hapa kwetu, huyo ni wewe.

2. Mkakati si sheria. Ule wa taifa wa akili unde uliozinduliwa Machi 2025, wa kufika 2030, usome, lakini usimwandikie mwanachama barua ukitaja "kifungu" chake.

3. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, kile cha maamuzi ya mashine. Hapa nitakawia, mnivumilie.

Sacco niliyokuwa nikihudumia, sitaitaja, ilinunua mfumo wa kupima wakopaji. Unasoma stetimenti ya M-Pesa, unatoa alama, na aliye chini ya kiwango anapata meseji ya kukataliwa. Kwenye tathmini ya athari, ile ripoti ya kupima madhara ya mfumo kwa wenye data, niliandika kwa mkono wangu: "Uamuzi wa mwisho hufanywa na binadamu." Binadamu mwenyewe alikuwa afisa wa mikopo aliyefunguliwa orodha ndefu kila asubuhi, akabonyeza "Thibitisha" huku chai ikipoa. Nilimwona akifanya hivyo. Nikasaini.

Akaja mama mmoja wa Ahero, kitabu chake cha Sacco kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni kisilowe. Mikopo yake yote ya nyuma alikuwa ameimaliza. Akauliza kaunta, "Mwanangu, nimekosa nini?" Afisa akanitazama mimi. Mimi nikampigia mwenye mfumo. Mwenye mfumo akasema modeli imekataa. Basi. Watu watatu wenye mishahara, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumpa mama yule sababu.

Sababu tuliipata baadaye, na ilikuwa wazi kabisa. Mkulima wa mpunga hupata pesa kwa mkupuo baada ya mavuno, halafu simu inanyamaza kwa miezi. Modeli ilikuwa imefunzwa kwa watu wa mshahara wa kila mwezi, kwa hiyo kimya kile ikakisoma kama ufukara. Kamati ilikaa, ikampa mkopo. Lakini miche yake ilikuwa imeshakomaa kitaluni, na mche uliozidi umri ukiupandikiza hauchipui vizuri. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Sheria ilikuwa imeshasema: mtu asiamuliwe jambo zito na mashine peke yake, na ikitokea, ajulishwe kwa maandishi haraka iwezekanavyo, naye ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya au utolewe mwingine usiotegemea mashine tu. Meseji yetu haikutaja hata mojawapo. Kwa hiyo mkiandika "binadamu", andikeni cheo chake, faili anazofungua, na kama ana ruhusa ya kuibishia alama. Kisha nendeni mkamwangalie akifanya kazi. Mkikuta chai inapoa kando ya orodha, rudini mezani.

4. Ripoti ya tathmini ya athari hupelekwa kwa Kamishna wa Data siku 60 kabla ya kuanza kuchakata. Kabla, jamani. Siku ya kukata utepe mmeshachelewa.

5. Cheti cha usajili kwa Kamishna wa Data hudumu miezi 24. Wekeni kengele kwenye kalenda.

6. Picha za watoto wa wanachama kwenye hafla si chakula cha kufunzia modeli. Mwaka 2023 kuna shule ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha tu picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mnaoniambia "lakini ziko Facebook tayari", hiyo ndiyo hoja mtakayompa Kamishna?

7. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wenye data hiyo, una saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu ulipojua. Mchakataji wako, yaani kampuni inayochakata data kwa niaba yako, ana saa 48 za kukuambia wewe. Namba ya mtu wa zamu wa kampuni ya mfumo iwe kwenye simu yako, si kwenye mkataba uliofungiwa kabatini kwa meneja aliyeenda matanga Siaya na ufunguo.