Jengo letu lina sola na tanki la mvua, mbona majirani wanalia?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nasimamia ujenzi wa jengo la ghorofa 3, ofisi na maduka, kwenye mteremko wa Mabatini hapa Mwanza. Paa lina mita za mraba 450, maegesho ya zege mita za mraba 300. Tumefunga sola, vyoo vinavyotumia maji kidogo, simtanki la lita 10,000 la maji ya mvua, na tunafuatilia cheti cha EDGE cha majengo rafiki kwa mazingira. Lakini majirani wa chini wanasema tangu tujenge ukuta maji yanawaingilia ndani, na wa juu wanasema tumewafungia njia yao ya miguu. Tuchimbe shimo la kunyonya maji? Na jengo la namna hii linaunganishwaje na mtaa wake?

JIBU: Ndugu yangu, hilo shimo msilichimbe kwanza.

Shimo la kunyonya hufaa penye udongo wa kina. Mabatini mnajenga juu ya mwamba uliofunikwa na udongo mwembamba. Maji yakishuka kidogo tu yanagonga jiwe, yanateleza juu yake na kutokea kwa jirani. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja chini ya mteremko wa namna hiyo. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili, lakini sakafu ya chumba cha nyuma bado ilikuwa inatoa maji. Ukuta ulikuwa umeota chumvi nyeupe hadi usawa wa goti, na mama mwenye nyumba alikuwa ametandika magunia chini ya kitanda cha mtoto. Jirani yake wa juu alikuwa na shimo zuri la kokoto, limejengwa kitaalamu kabisa. Basi kabla ya lolote, fukueni mashimo madogo matatu ya majaribio, myajaze maji jioni, mtazame asubuhi. Maji yakiwa bado yamo, ardhi imeshawajibu.

Sasa tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua kubwa ya milimita 50 inawapa lita 22,500 kutoka kwenye paa na 15,000 kutoka kwenye maegesho, jumla 37,500. Kabla hamjajenga, sehemu ya maji hayo ilinaswa na nyasi, vichaka na udongo, na iliyobaki ilishuka imetawanyika. Leo karibu yote yanakusanyika na kutoka kwa nguvu pale ukuta ulipoacha tundu. Simtanki lenu haliwezi kusaidia, kwa sababu katikati ya masika huwa limeshajaa. Tanki lililojaa haliwezi kupunguza mafuriko hata kwa ndoo moja.

Mnachohitaji ni tanki lenye kazi mbili. Jengeni la zege upande wa chini wa kiwanja, mita 5 kwa 4, kina mita 2. Mita ya chini, yaani lita 20,000, ni akiba ya vyoo na usafi. Mita ya juu inabaki tupu ikisubiri mvua. Pale katikati wekeni tundu la kutolea maji la inchi moja tu, mbele yake wavu wa kuzuia majani, na juu kabisa bomba kubwa la kufurikia. Mvua ikimwagika kwa saa moja, tanki linaipokea na kuiachia polepole kwa saa nane hadi tisa. Tundu ni dogo, na mafundi watataka kulitanua ili "lisizibe". Wakatalieni. Safisheni wavu kila wiki wakati wa mvua. Maegesho nayo vunjeni zege, mweke kokoto au vitofali vyenye nafasi juu ya kitanda cha kokoto, chenye bomba lake la kutolea maji hadi mtaroni. Msiyapeleke maji kwa bomba moja kwa moja hadi Mto Mirongo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na Mirongo wenyewe unaishia ziwani ukiwa na kila tulichoutupia.

Njia ndiyo jambo lililonigusa zaidi katika barua yako. Kwenye milima ya Mwanza kichochoro kati ya mawe ndiyo barabara ya watu. Kwa njia hiyo mgonjwa hubebwa kushushwa kwenye gari, mtoto huenda shule, ndoo ya maji hupanda kichwani. Mkiifunga, watu wanazunguka kila siku ya maisha yao. Rudisheni ukuta ndani mita 2, mjenge ngazi: kimo sentimita 15, kikanyagio 30, kipumziko kila baada ya ngazi kumi hivi, na bomba la kushikilia upande mmoja. Chini ya ngazi hizo pitisheni mtaro wa maji, kwa mifuniko inayoinuliwa. Hivyo maji ya majirani wa juu, yanayogonga ukuta wenu sasa na kujikusanya, yanapata pa kupita. Taa moja ya sola mnayo tayari. Ielekezeni ngazini badala ya kumulika bango.

Mengine ni mepesi. Mchana upepo hutoka ziwani, kwa hiyo upande huo wa ukuta tumieni matofali ya matundu kuanzia usawa wa kiuno, jirani apate hewa. Mashine za nje za viyoyozi ziende juu ya paa, zisipulize joto dirishani kwa mtu. Milango ya maduka ifunguke kuelekea mtaani. Mama lishe wa hapo getini mpeni kivuli cha kudumu na bomba la kunawia lenye maji ya mamlaka, maana ya paa si ya kunywa wala kupikia.

Kuhusu EDGE, cheti hicho kinataka kuokoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na kupunguza kwa kiwango hicho hicho mzigo wa mazingira wa kutengeneza vifaa vya ujenzi. Ni kipimo kizuri na mkifuatilie. Lakini hesabu yake ni ya jengo lenyewe. Lalamiko la mtu wa chini yenu halina safu kwenye fomu ile, na ndiyo maana mnaweza kupata alama nzuri na majirani wenye hasira kwa wakati mmoja.

Kabla ya kumwaga zege, mwombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao hapo hapo kiwanjani. Msibebe michoro peke yake: pigeni vigingi na kamba pale ngazi itakapopita, watu waitembee. Waulizeni wanaokaa chini kabisa maji huanzia kuingilia wapi, kwa kuwa wao wameyaona usiku mkiwa hampo. Vuli huanza Oktoba. Tanki na mtaro viwe vimekamilika kabla ya hapo, hata kama rangi ya jengo itasubiri.