Dogo wa miaka 15 aliyeishia darasa la nne: nimefundisha MEMKWA miaka sita, nisikilizeni

Mtoa mada anauliza kama mdogo wake wa miaka 15, aliyeacha shule akiwa darasa la nne na sasa anashinda gereji akiosha spea, anaweza kurudi kusoma shule ya serikali bila kubanwa dawati moja na watoto wa miaka kumi. Mchangiaji mmoja hapo juu kamjibu, "Mpeleke MEMKWA akapoteze muda." Huyo nina neno naye, nitamfikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tabora. Darasa la MEMKWA sikuliomba, nilipangiwa. Mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo ya vitabu chakavu akaniambia hilo ndilo darasa langu.

Kwa wasiojua: MEMKWA ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Ulianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya chache, Kisarawe na Masasi zikiwemo, ukaja kusambaa nchi nzima wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, wakajitokeza watoto ambao umri wa darasa la kwanza ulishawapita kitambo. Mwenye miaka 13 ukimkalisha na wa miaka saba, atakuja siku tatu, ya nne humuoni. Kwa hiyo yakawekwa makundi mawili. La kwanza ni la walio chini ya miaka 14: wanasomeshwa haraka haraka, wanafanya mtihani wa darasa la nne, wakifaulu wanaingia la tano pamoja na wenzao. La pili ni la miaka 14 hadi 18, na hao ndio wenzake dogo wako.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea watoto 31. Wachunga ng'ombe, vibarua wa tumbaku, mabinti waliorudi kutoka kazi za ndani mjini. Nikaanza nao a, e, i, o, u kama niwafundishavyo wa darasa la kwanza. Kosa kubwa. Kulikuwa na mvulana asiyeweza kuandika 47, lakini ukimtajia bei ya mbuzi wawili, ukatoa deni la dukani, anakupa jibu wewe bado unatafuta kalamu. Mwezi mzima nilimfundisha kitu anachokijua, yeye akiniangalia tu kwa adabu. Baadaye nikageuza: anasema hesabu yake kwa mdomo, mimi naiandika ubaoni, yeye anainakili. Muhula wa pili ulipoisha alikuwa anasoma.

Kilichonishinda hasa ni msimu. Tumbaku ikianza kuvunwa na kupelekwa kwenye mabani kukaushwa, darasa linabaki na watu tisa. Nilihamishia vipindi saa nane mchana, nikazunguka kwa wazazi kuwabembeleza wanipe hata siku tatu kwa wiki. Wengine walikubali. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye nitakayemlipia kibarua wa kuziba pengo la mwanawe, na kusema kweli sikuwa na jibu. Nilikuwa pia na mwezeshaji, kijana wa pale kijijini aliyemaliza kidato cha nne, hodari kuliko walimu wengi. Posho yake ilikuja kama mvua za Dodoma. Akanunua bodaboda, na simlaumu.

Sasa wewe wa "kupoteza muda". Najua neno lenyewe limegeuzwa tusi, mtu akikosea kusoma tangazo anaitwa memkwa. Watoto wangu waliitwa hivyo kila mapumziko. Lakini nusu ya ulichosema nakupa. Shule moja ya jirani waliwakalisha watoto kwenye chumba cha MEMKWA miaka minne, kwa sababu mkuu aliogopa wangemshushia wastani wa shule kwenye mtihani. Majina yao hayakupelekwa kusajiliwa kwa mtihani. Wale kweli walipotezewa muda, ila aliyewapotezea ni aliyeficha orodha.

Ndiyo maana, mtoa mada, ukienda shuleni usianze kuuliza kuhusu sare wala madaftari. Uliza: mwaka jana mlisajili wangapi wa MEMKWA kufanya mtihani? Mwalimu akikutajia idadi bila kusitasita, mwandikishe. Akianza kukuelezea changamoto, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na ikibidi halmashauri, kuna ofisa anayeshughulikia elimu ya watu wazima na elimu nje ya mfumo rasmi. Huyo muulize pia kuhusu IPOSA, mpango ulio chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima unaochanganya kusoma, kuandika na kuhesabu na stadi za ufundi. Kwa dogo aliyekwishaonja gereji mimi ningeanzia huko. Ukimnyang'anya spana ili umpe daftari, atakimbia vyote viwili.

Akishafika kiwango cha darasa la saba njia haijaziba. Kuna QT, mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani (NECTA), akiufaulu anaruhusiwa kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. (Aliyeniuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu binti aliyeacha kidato cha pili kwa ujauzito: Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shule ya kawaida. Asikubali kuambiwa nafasi yake ni vituo vya elimu nje ya mfumo rasmi tu.)

Na jambo moja linalodharauliwa: jina. Nyumbani anaitwa hivi, kwenye rejista ya zamani aliandikwa vile, cheti cha kuzaliwa kinasema la tatu. Yalinganishe kabla hajaandikishwa. Nina kijana aliyefaulu QT, tukahangaika miezi saba kwa sababu ya herufi R na L.