Konrodi mpya za 1HZ: zipimwe kabla ya kufungwa

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kufunga moja kwa moja konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) sita mpya za 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota yenye silinda sita, ambazo hazikutengenezwa na Toyota, kwa kuwa muuzaji amekuhakikishia kwamba zimeshapimwa: usizifunge. Hapa Arusha nimejenga nyingi za injini hizi kwa ajili ya Land Cruiser za watalii, na seti ya kwanza ya namna hiyo niliyoifunga kwa kuliamini boksi ilirudi baada ya wiki mbili ikigonga, metali (bearing nyembamba inayokaa kati ya konrodi na krenki) ya silinda ya tano ikiwa imezunguka kwenye nafasi yake na krenki imekwaruzika. Tundu kubwa la konrodi, lile la upande wa krenki, lilikuwa pana kupita kiasi, hivyo metali haikubanwa.

Safisha mafuta ya kuzuia kutu, funga kepu (nusu ya chini ya tundu kubwa, inayoshikwa na bolti) bila metali, kisha kaza kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi kiwango cha bolti zilezile utakazozitumia, nyuzi zake zikiwa zimepakwa mafuta yaleyale utakayotumia siku ya kufunga, maana nyuzi kavu hupoteza nguvu kubwa katika msuguano na bolti hubaki haijavutika inavyotakiwa. Pima tundu wima, halafu kwa mshazari pande zote mbili, mbele na nyuma, ukikwepa mstari ambapo kepu inakutana na konrodi. Vyombo vya kupimia na konrodi vilale meza moja usiku kucha ili viwe na joto moja. Baridi ya asubuhi ya Julai si mchezo, kwani tundu la mm 60 hubadilika karibu mm 0.007 kwa tofauti ya digrii 10.

Tundu likiwa dogo, linahoniwa (husuguliwa ndani kwa jiwe la kusagia) tu. Likiwa pana au lenye umbo la yai, husagwa uso wa kepu kama mm 0.05, kisha tundu huhoniwa hadi kipimo cha kitabu. Kazi hiyo hufupisha konrodi kidogo sana, lakini pima tena kimo cha pistoni juu ya bloku kabla ya kuchagua unene wa gasketi ya hedi. Kepu iliyotenganishwa kwa kupasuliwa badala ya kukatwa haisagwi kamwe.

Bushi (pete ya ndani) ya tundu dogo, lile la upande wa pistoni, ndiyo hukerezwa ovyo zaidi: pini ya pistoni iliyopakwa mafuta isukumike kwa kidole gumba bila kucheza, na tundu la mafuta la bushi lilingane na la konrodi. Konrodi iliyopinda zaidi ya mm 0.05 kwa kila mm 100 mimi huirudisha dukani, siinyooshi.

Uzito nao. Seti yangu ya mwisho ilitofautiana kwa gramu 11, nikapunguza chini ya kepu na juu ya tundu dogo, kila ncha ikipimwa peke yake, bila kugusa mwili wa katikati.

Ukibadilisha bolti baada ya haya yote, pima tundu kubwa upya, kwa sababu bolti nyingine huivuta kepu kwa nguvu nyingine na umbo la tundu hubadilika.