Maswali kwa Fundi: Kiki thelathini na pikipiki bado haijawaka

Mafundi, habari za kazi. Nina pikipiki ya Kichina ya cc 125, injini ya aina ya CG. Tangu Juni ianze, asubuhi haiwaki mpaka nipige kiki hata thelathini. Nimebadili plagi mara mbili, nimefungua kabureta mara tatu. Sasa imezidi: ikiwaka haishiki sailensa (haingurumi yenyewe bila kuvuta mafuta), nikiachia mafuta inazima, na petroli inadondoka kwenye mpira wa chini wa kabureta. Nifungue nini tena? — Msomaji, Njombe

Usifungue kitu kwanza. Una matatizo mawili, na hilo la petroli umelileta mwenyewe kwa bisibisi. Tuanze nalo kwa kuwa ni la hatari.

Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti, yaani boya dogo, na floti ikipanda inasukuma sindano ifunge njia ya petroli. Punje moja ya mchanga kwenye kikalio cha sindano inatosha kuiacha wazi. Toa bakuli, safisha kikalio kwa petroli na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha pindua kabureta juu chini ili floti ilale kwa uzito wake. Chomeka mpira safi kwenye mdomo wa kuingizia petroli, puliza. Pumzi ikipita, sindano haifungi: ama ina uchafu, ama ncha yake imechimbika, ama kile kikanyagio chembamba cha floti kimepinda wakati wa kufungua. Sindano mpya ni kitu kidogo dukani, nunua.

Mpira wa bakuli nao ukishaloa petroli unavimba na haurudi kwenye mfereji wake. Hapo watu wengi hukasirika, wakaubana hivyo hivyo, ukakatika. Uache mahali penye hewa saa mbili tatu, utasinyaa wenyewe.

Sailensa kupotea: jeti ndogo, ile njugu inayopitisha petroli ya sailensa, ina tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea, na ndiyo inayoziba kwanza. Wengi huichokonoa kwa waya wa chuma wa brashi. Waya huo unapanua tundu, na jeti ikishapanuka haitengenezeki. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, upitishe, kisha puliza kwa pampu. Halafu ile skrubu ndogo ya pembeni: kabla ya kuitoa siku nyingine, ifunge taratibu mpaka igote huku ukihesabu mizunguko, andika namba hiyo. Kama hukuandika, ifunge polepole bila kukaza, rudisha mzunguko mmoja na nusu, uanzie hapo. Skrubu ikiwa upande wa injini inaongoza petroli, kuifungua ni kuongeza petroli. Ikiwa upande wa ekilina (chujio la hewa) inaongoza hewa, kuifungua ni kupunguza petroli. Kutojua ni ya upande gani ndiko kunakomfanya mtu azungushe nusu siku. Rekebisha injini ikiwa imepata moto: itafute pale inapolia kwa kasi na ulaini, kisha punguza kwa skrubu kubwa ya sailensa.

Sasa ugonjwa wenyewe wa asubuhi. Kwa maelezo yako, mshukiwa wetu wa kwanza ni tapeti (nafasi ndogo kati ya roka na valvu), ambazo hujazitaja kabisa. Valvu zikikaa muda mrefu bila kupimwa, nafasi inaisha; valvu haifungi vizuri, kompresheni (mgandamizo) inavuja, na injini ya baridi ndiyo inayoonyesha kwanza. Injini ya CG inataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, nayo ipimwe injini ikiwa imelala usiku kucha. Ukipima ikiwa na moto, namba itakudanganya.

Toa plagi, weka gia ya mwisho, zungusha gurudumu la nyuma taratibu mpaka alama ya T kwenye magineti ilingane na alama ya kwenye kava. Tikisa roka zote mbili, vile vikono vinavyosukuma valvu, kwa vidole. Zote zikicheza kidogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imebana, zungusha injini mzunguko mmoja kamili uilinganishe T tena. Legeza nati, ingiza fila geji (kibamba cha kupimia nafasi) ya 0.08, kaza skrubu mpaka geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikaza nati ya juu, skrubu nayo hupenda kuifuata, kwa hiyo ishike kwa plaizi, na ukimaliza pima tena. Karibu kila mara ya kwanza unakuta imebadilika. Ni kero, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Plagi: milimita 0.6 mpaka 0.7. Kama huna geji ya plagi, mgongo wa bapa la msumeno wa kukatia chuma, upande usio na meno, unakaribia kipimo hicho. Ukiitoa ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano, wakati kabureta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa nchi ya chini. Pandisha klipu ya sindano kubwa, ile inayopanda na kushuka ukivuta mafuta, mfuo mmoja juu; sindano itashuka na petroli itapungua. Lakini ukiwa na safari ya kushuka kona 57 za Matamba kwenda Chimala, au mpaka Kyela, irudishe. Huko chini hewa ni nzito, petroli itakuwa chache na injini itachemka.

La mwisho, oili. 20W-50 kwenye baridi ya Julai inakuwa nzito na kiki inagoma. Kama kitabu cha pikipiki kinaruhusu, tumia 10W-40 yenye alama ya JASO MA, ya oili za pikipiki. Oili ya gari isiyo na alama hiyo inaweza kufanya klachi iteleze.

Nilitaka kubadili sahani za klachi. Skrubu tatu za kava zimeliwa vichwa, moja imekatika ndani. Nimeshindwa, pikipiki imekaa ukumbini wiki ya pili na mama watoto analalamika. — Msomaji, Uyole, Mbeya

Ana haki ya kulalamika. Skrubu hizo mara nyingi zina msalaba wa Kijapani, siyo ule wa bisibisi ya kawaida ya dukani. Bisibisi ya kawaida inapanda juu na kuteleza, ikila tundu. Kinachofaa ni bisibisi ya kugonga: unaielekeza upande wa kufungua, unagonga kitako chake kwa nyundo, na pigo linaigeuza huku likiikandamiza. Sokoni Mwanjelwa zinapatikana. Kabla ya hapo gonga kichwa cha skrubu mara mbili tatu kwa kitako cha chuma bapa ili kutu iachie. Kwa zilizoliwa tayari, tumia patasi ndogo pembeni ya kichwa, uigonge kuelekea upande wa kufungua.

Ile iliyokatika iache mpaka kava itoke. Mara nyingi kishina kinabaki kimechomoza milimita tano au zaidi, unakilegeza kwa plaizi ya kujifunga, kisha kinatoka kwa vidole.

Kabla ya kutoa skrubu ya pili, chora umbo la kava kwenye boksi la karatasi na uichome kila skrubu mahali pake. Hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inagota na kupasua aluminiamu. Fupi ikiingia kwenye tundu refu inashika thredi mbili tu na kuzila. Ukirudisha, nunua bolti za M6 za kichwa cha ufunguo wa pembe sita, za urefu ule ule. Kaza kwa kupishana, pande zinazokabiliana, kwa mkono mfupi wa ufunguo.

Gasketi ya zamani usiikwangue kwa bisibisi. Mkwaruzo mmoja ndio utakaovujisha oili. Ilowanishe, tumia wembe uliolala au ubapa wa mti mgumu. Na silikoni, tafadhali, iwe nyembamba au isiwepo: inayojikamua kwa ndani inachanika na kwenda kuziba njia ya oili.

Cheni mpya inalia, sehemu moja imebana na nyingine imelegea. — Msomaji, Mafinga

Umebadili cheni, ukaacha sproketi (magurudumu ya meno) za zamani. Cheni na sproketi zake mbili hubadilishwa kwa pamoja. Meno yaliyokunjika kama ndoana hula cheni mpya haraka. Legevu ya milimita 20 mpaka 30 ipimwe pale ilipobana zaidi, siyo pale palipolegea.

Mvua ya Tukuyu ikinyesha pikipiki inazima, ikikauka inawaka. — Msomaji, Rungwe

Usiku, kwenye giza kabisa, iwashe na unyunyizie maji kidogo kofia ya plagi na waya wake. Ukiona cheche za buluu zikirukia kichwa cha silinda, umeshapata. Kofia inafunguka kwa kuzungushwa kutoka kwenye waya. Kata ncha ya waya nusu sentimita mpaka uone shaba safi, izungushe tena kwa nguvu. Ikiwa mpira wa kofia umepasuka, weka kofia mpya.