Jumuiya, kikombe na kisu cha buchani: majibu ya maswali yenu kuhusu dini

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamegusa dini: kwa nini tunaikimbilia, na tunakaaje na jirani anayeabudu tofauti. Nimeyafupisha na majina nimeyaacha. Mimi si shehe wala padri, kwa hiyo anayetafuta fatwa amebisha mlango usio wake.

Shikamoo. Kijijini sikuwa mtu wa kanisa. Tangu nihamie Dar naenda jumuiya kila Jumamosi asubuhi. Mwenzangu anasema hiyo si imani, ni upweke tu. (Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Mwenzako ameona nusu. Kijijini ukiugua, shangazi anajua kabla hujamaliza kukohoa. Mbagala, mpangaji wa chumba cha pili hajui hata jina lako. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu walianza kuzisukuma miaka ya 1970, zinakusanya nyumba chache za jirani: rozari, masomo, kisha matangazo. Nani kalazwa, nani kafiwa, mchango wa nani haujafika. Mwislamu mgeni mjini naye mara nyingi hujulikana kwanza kwenye safu ya swala ya magharibi, msikiti wa mtaa. Wengi huingia dini kwa kuwafuata watu, mafundisho yakaja baadaye, na sioni aibu yoyote hapo.

Ila ujue na upande wa pili. Siku utakayotaka ndoa au ubatizo wa mtoto, utaulizwa mapema sana: jumuiya yako ipi? Na zipo familia zilizohangaika na mazishi kwa sababu marehemu hakujulikana huko. Kwa hiyo upweke waweza kuwa ndio uliokupeleka. Jiulize baada ya mwaka ni nini kinachokubakiza.

Mwaka 2011 baba yangu, Mwislamu wa swala tano, alisafiri hadi Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji. Mpaka leo sijamwelewa. (Singida)

Hakuwa peke yake. Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, alikaa kijijini Samunge, huko Loliondo, akisema Mungu amemwonyesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, watu wakalala njiani siku nyingi, na wengine walikata roho kabla ya kufika. Walikwenda Wakristo, Waislamu, wakubwa wa serikali na wagonjwa kutoka Kenya. Kwenye foleni hiyo hakuna aliyeulizwa dini.

Bronisław Malinowski, mtafiti wa mila aliyekaa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki zaidi ya miaka mia iliyopita, aliona kwamba wavuvi waliovua ndani ya maji tulivu walitegemea ujuzi wao tu. Waliokwenda bahari kuu, penye hatari na pasipo uhakika wa samaki, hawakutoka bila uganga. Wavuvi wa Kilwa hawahitaji mtafiti kuwaambia hilo. Mtu huomba zaidi pale ujuzi wake unapoishia. Mwaka 2011 mgonjwa wa saratani wa mkoani aliambiwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam: nauli, mahali pa kulala, ndugu wa kumsindikiza, na bado hana hakika ya kupona. Nauli ya Loliondo nayo ilipanda sana, lakini mwisho wa safari palikuwa na mzee anayesema utapona. Baba yako hakubadili dini. Alikuwa anautafuta uzima.

Lawama yangu naiweka kwa waliowaambia wagonjwa waache dawa. Wapo wenye VVU na kisukari walioziacha, wakarudishwa hospitali hoi, na wengine wakafa. Mwasapile mwenyewe alifariki Julai 2021. Anayetaka maombezi leo aende, vidonge vikiwa mfukoni na tarehe ya kliniki iko palepale.

Kwa nini buchani Mkristo hachinji? Sisi ni raia wa daraja la pili? (Geita)

Ni mazoea ya muda mrefu, na mantiki yake ni ya jikoni. Waislamu wengi hapa nchini hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu, Wakristo wengi hawajali kisu kilishikwa na nani, basi kisu kimoja kinalisha wote. Lakini wapo Wakristo ambao dhamiri inawakataza, nao wasidharauliwe. Februari 2013 mabishano hayo yaliua mchungaji Buseresere, mkoani kwako. Hakuna kilo ya nyama yenye thamani hiyo.

Maoni yangu: buchani pa wote mazoea yabaki. Kwenye shughuli zenu za kanisani na nyumbani chinjeni wenyewe, na ukimwalika jirani Mwislamu mwambie mapema. Au mchukue kuku, umpeleke kijana wa nyumba ya pili akuchinjie, upike chungu cha pembeni. Watu wamefanya hivyo miaka yote bila semina.

Mimi binti wa Kiislamu, Tanga. Mchumba wangu Mkatoliki wa Rombo. Hatutaki yeyote abadili dini. Inawezekana?

Kisheria, ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya dini, ya kimila na ya kiserikali, ile tunayoiita ya bomani. Bomani dini zenu hazizuii kitu. Mnatoa taarifa siku 21 kabla, mnafungishwa, mnapewa cheti.

Kidini ni habari nyingine. Mashehe karibu wote watakwambia binti wa Kiislamu haolewi na asiye Mwislamu, kwa hiyo nikaha hutaipata asiposilimu. Kanisa Katoliki lina ndoa ya mseto kwa ruhusa ya askofu, lakini mchumba wako ataahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe. Ugomvi wenu utaanzia hapo. Kwenye harusi kila mtu atacheka na kupiga picha.

Sipendi ule mchezo wa bwana harusi kutamka shahada Ijumaa ili wakwe wanyamaze, Jumapili akarudi kanisani. Atakayedanganywa ni wewe. Kaeni chini mjibu haya kabla ya posa: mtoto ataitwa nani, ataenda madrasa au mafundisho? Ramadhani mchana jiko litawashwa? Akifa mmoja wenu, atazikwa na nani, kwa taratibu zipi? Nimeona ndugu wa pande mbili wakivutana juu ya maiti, na aliyefiwa kakaa pembeni kama mgeni. Na mirathi: kwa sheria ya Kiislamu mume na mke wenye dini tofauti hawarithiani. Andikeni wosia, kiwanja kisomeke majina ya wote wawili, na mumwone mwanasheria kabla ya kumtuma mshenga.

Kenya haina dini ya serikali. Mbona katiba ina mahakama za kadhi? (Nakuru)

Kwa sababu ya ahadi ya zamani. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia. Ulipoingizwa Kenya mwaka 1963 ilikubaliwa kadhi wabaki. Mwaka 2010 makanisa mengi yalipinga katiba mpya, kadhi ikiwa mojawapo ya sababu, na wapiga kura wakaipitisha hata hivyo. Kifungu cha 170 kinampa kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, kati ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Kama wewe si Mwislamu, hatakuita.

Mwanangu wa miaka 16, mzaliwa wa hapa, kasema hana dini. Nimekosea wapi? (Leicester, Uingereza)

Dada yangu, Tanzania sensa haijauliza dini tangu 1967, na bado kila mtu anadhani anajua ya jirani yake. Ukisema Tanga huna dini watakuuliza unaumwa nini. Huko kwenu, hesabu ya 2021 ya England na Wales ilikuta asilimia 37 hawana dini, na Wakristo wako 46. Mwanao kasema jambo la kawaida kwa nchi hiyo.

Angalia pia majirani zako. Baadhi ya Wahindu wa Leicester ni familia zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wamefika na masanduku, wakatafuta pa kuabudu pamoja, karibu kama kijana wa Mbagala hapo juu. Mwanao hajahama popote, hana pengo hilo bado. Usimkemee mbele ya watu. Nenda naye kwenye misiba ya Waswahili wenzenu, abebe viti, agawe chai, aone watu wanavyoomba wakiwa wamefiwa.

Nani apunguze sauti, msikiti au kanisa la mkesha? (Mwananyamala)

Wote wawili, pamoja na baa iliyo katikati. Kanuni za kelele hazijali spika inasema nini. Ila usiende kwa mwenyekiti wa mtaa peke yako. Mchukue jirani wa dini nyingine, la sivyo utaambiwa una chuki.